Alama ya Kujumlisha

Jumapili, tarehe 14 Februari

Kwako Wifi yangu mpenzi,

Salamu alaikum, kama alivyonifundisha mdogo wako, mume wangu, ambaye mpaka mwisho alisema naitamka salamu hiyo kama mtu anayepuliza chai ya moto. Hujambo, Wifi? Magoti yanasemaje? Na ile chumvi uliyokatazwa na daktari, umeiacha kweli au bado unaificha nyuma ya kopo la sukari ukidhani mwanao haoni? Mimi mwili ni mzima. Moyo unajikongoja. Nyumba ni ileile, duka ni lilelile, na kilichopungua unakijua.

Barua yako nilikabidhiwa na fundi cherehani wa pembeni, na ndiye atakayekuletea hii, maana anakuja huko kumwona binti yake aliyejifungua. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Umesema mwaka huu unakwenda tena Makka pamoja na mwanao. Yeye anahiji kwa nafsi yake, na wewe, kwa kuwa yako uliitimiza zamani, unakwenda kumhijia mdogo wako. Nilipofika kwenye neno hilo, kumhijia, ndipo nilipovuta kiti. Lugha yetu ina huruma, Wifi. Sauti moja tu inaongezwa mwishoni mwa neno, na mtu anafika mahali kwa miguu ya mwenzake.

Kisha ukaniomba zile shuka zake mbili za ihramu, avae mwanao, ili zihiji mara nyingine na mjomba wake awemo safarini.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shuka hizo. Simu niliishika mara nyingi nikairudisha mezani, kwa sababu simu za huku zinakatika, na jambo hili likikatika katikati ni baya kuliko likiwa zima. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia. Shuka moja imo ndani ya kifurushi hiki. Ya pili haimo, na kutokuwemo kwake ndiko kulikonifanya niandike kurasa zote hizi, nikiogopa kwamba ukishajua hutanihesabu tena kuwa wifi yako. Lakini siwezi kuanzia hapo. Niruhusu nianzie mbali kidogo, maana mimi na wewe ndio tuliobaki tunaomjua mtu huyu vizuri.

Siku ya kwanza uliponiona ulisema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, kwamba ndugu yako ametumwa kutafuta mke akarudi na kengele. Mimi nilikuwa hukohuko jikoni, nimeshika kisu na kitunguu, sijui nilie kwa kipi. Yeye akakujibu kwamba nyumba yenye kengele haichelewi kuamka. Tangu siku hiyo nikawa Kengele. Mwanzoni lilikuwa jina la kunichoma, baadaye likawa jina la kunitania, na siku hizi ukiniita vinginevyo nadhani umekasirika.

Unakumbuka alivyokuwa akijigamba kwamba hajawahi kumpa mteja nguo ya mwenzake. Mashati ya walimu, makoti ya wauguzi, mashuka ya nyumba ya wageni, yote meupe, yote yaliingia karai moja, na jioni kila nguo ikajua kwao. Siri yake ilikuwa uzi. Kabla nguo haijagusa maji aliitia alama kwa sindano ndani ya upindo, mahali ambapo mvaaji haoni. Huyu ndoano, yule nukta mbili, mwingine pembe tatu. Wala hakuitafuta alama kwa macho. Alipitisha kidole gumba kwenye upindo huku anaongea mambo mengine, akaita jina la mwenyewe. Nami alinifundisha hivyohivyo, mpaka kidole changu kikajua kusoma.

Nguo zetu sisi nazo alizitia alama. Yake ilikuwa mshono mmoja uliolala. Yangu ilikuwa mishono miwili iliyopishana. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani amenishonea msalaba kwa heshima ya dini yangu, nikamshukuru. Alicheka mpaka akaweka pasi chini. Akaniambia msalaba hajui kuushona, hiyo ni alama ya kujumlisha, kwani shule nilisoma wapi? Yake ni ya kutoa, kwa sababu kila akishika kitu anakitoa. Yangu ni ya kujumlisha, kwa sababu siku nilipoingia katika nyumba ile kila kitu kiliongezeka, na kelele zikiwemo.

Hatukujaliwa mtoto, na unajua maneno yaliyosemwa. Mengine uliyasema wewe, tukasameheana. Lakini sikuona hata siku moja aliyobadilisha alama yangu.

Sasa nifike kwenye kitambaa. Uliporudi kutoka hija yako ulimletea gora la kitambaa cheupe, ukamwambia limetoka kulekule, akate shuka za ihramu, na asikupe tena sababu. Alilitandaza juu ya meza ya pasi baada ya wewe kuondoka. Akakata shuka mbili, akazipinda, akatia alama yake ya kutoa. Kikabaki kipande cha tatu, ukubwa uleule. Akakitazama kitambo. Kisha akakipinda nacho, akatia ya kujumlisha, akaniambia hiki ni cha kilimani kwako.

Hili hukulijua, Wifi. Kitambaa ulichokibeba kutoka Makka, theluthi yake imekuwa ikipanda kilima cha Wakristo mabegani mwangu kila mwaka. Nilitaka kukwambia, naye akasema nisubiri mpaka siku utakayokuwa umeshiba. Siku hiyo hatukuipata.

Safari yetu ya kilimani unaifahamu, maana uliwahi kuniuliza ni hija gani hiyo ambayo mtu anaondoka asubuhi na jioni amesharudi anapika. Nilinuna. Nilinuna kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza. Sisi akina mama tunatoka kanisani kwa miguu, shuka nyeupe mabegani, tunaimba na kusali njiani, tunapanda mpaka kwenye kikanisa kilichoko juu, tunakaa, tunashuka. Kwa hesabu ya maili si kitu. Lakini mdogo wako siku hiyo alikuwa anafunga duka. Alifunga kwa kufuli, Wifi, yeye aliyekuwa anafungua hata siku za mafua. Alitembea pembeni yangu kashika chupa ya chai na viatu vyangu vya akiba, huku akina mama wakimtania kwamba leo atabatizwa tu, maji yapo. Naye akiwaambia maji anayajua kuliko wao, wamwachie.

Tukifika kwenye geti chini ya kilima anaishia pale. Kuna benchi la mbao. Anakaa. Mwaka mmoja padri alimkaribisha apande, akamwambia mlango hauna ubaguzi. Akamjibu kwa adabu kwamba yeye ni msindikizaji, na msindikizaji hujua pa kuishia. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, nikiwa na hasira kidogo, kwani kilima kingemng'ata? Akaniambia kila mtu hupanda cha kwake, lakini anayeshuka anahitaji kumkuta mtu. Ukishuka kutoka mahali kama pale ukakuta geti tupu, alisema, utadhani ulikuwa unaota.

Tukifika nyumbani alichukua shuka yangu akaifua yeye mwenyewe, na maji yake ya kwanza, yale yenye vumbi, hakuyamwaga mtaroni. Aliyamwaga kwenye shina la mpera uani. Ndivyo alivyofanya kwa nguo zote za watu waliotoka hija. Wazee waliotoka Makka walileta kanzu zao, maji ya kwanza mperani. Mzee Msumari, yule muuza misumari na makufuli wa duka la pili, alipotoka kwenye mto mtakatifu wa Wahindu alileta kitambaa chake cha manjano, maji ya kwanza mperani. Watoto wa mtaa walikuwa wakiiba mapera kisha wanakuja kumuuliza, midomo imejaa, eti dobi, mpera wako dini gani? Akawajibu bila kuinua macho kwamba ya mpera haijui, ila yao anaijua, ni wezi.

Na zile shuka zake mbili, unajua mwenyewe zilivyotembea. Mzee mmoja alipungukiwa akaja kuazima. Mwaka uliofuata akaja mwingine. Zikawa zinaondoka na kurudi, zinaondoka na kurudi, na yeye anazifua, anazinyoosha, anazirudisha kwenye rafu. Mtaani wakasema shuka za dobi ni mahujaji, dobi mwenyewe bado. Kila alipoulizwa lini, alijibu mwakani. Wakambatiza jina, Haji Mwakani. Alikuwa analiitikia.

Siku moja Mzee Msumari alikaa dukani akisubiri kitambaa chake kikauke, na mdogo wako akamuuliza watu wa kwao huwa wanafuata nini mtoni. Mzee akafikiri, akasema kwamba katika lugha ya vitabu vyao vya kale, mahali pa kuhiji panaitwa kwa neno lenye maana ya kivuko. Pale ambapo mto una kina kifupi na mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Hakuna zaidi, akasema, ni kuvuka tu. Mdogo wako akasema basi kwake yeye maji bado ni ya shingo, atavuka mwakani. Mzee Msumari akamcheka. Akamwambia, Haji Mwakani, shuka zako zimeshavuka mara ngapi sijui, wewe umekaa ukingoni unazifua tu.

Wote tulicheka siku ile. Leo nikikumbuka namna alivyoendelea kupiga pasi baada ya kicheko kuisha, nadhani neno lilimwingia.

Maana mwaka huu ndio uliokuwa mwakani wenyewe. Ulimsaidia kuandikisha jina, akaenda kupiga picha ya pasipoti. Alinyoosha shati zima, mikono na mgongo, nikamwambia picha yenyewe ni ya shingo kwenda juu. Akasema mtu akinyoosha kola peke yake, uso unajua. Picha ilitoka vizuri. Ninayo.

Siku aliyoondoka ilikuwa mchana, jua kali, nguo zote kamba nzima zimekauka. Nilikuwa uani nazianua. Nilipoingia nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, kichwa kimeegemea ukuta. Nilimwambia siku hizi umekuwa mteja? Ndipo nikaona. Pasi ilikuwa imechomolewa, na waya ameukunja kama alivyokuwa anaukunja siku zote. Hata mauti aliyaambia yasubiri azime pasi kwanza.

Kwenu mazishi hayangoji, nawe ulikuwa mbali, na najua bado linakuuma kwamba hukuwahi. Sasa nikwambie yale ambayo hukuyaona. Alikuwa ameusia azikwe na shuka zake za ihramu. Alituusia mimi na yule fundi baiskeli ambaye ndiye mwosha wa msikitini. Alisema kama yeye hakufika, basi alale na waliofika. Kwa hiyo waoshaji walileta kitambaa kimoja kipya cha juu, wakaniambia zile mbili za ndani nitoe mimi. Nikaenda kwenye rafu. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Palikuwa na shuka tatu nyeupe, gora moja, ukubwa mmoja, zimekunjwa na mkono mmoja. Nikavuta mbili za juu, nikazipitisha mlangoni, mwosha akapokea.

Kisha wanaume wakambeba. Mimi niliishia pale wanawake walipoishia. Na hata nikifa, Wifi, mimi nitalala upande wangu wa mji na yeye upande wake. Hilo ndilo lililokuwa linaniamsha. Mtu aliyenisindikiza miaka yote mpaka getini, na chupa ya chai mkononi, zamu yake ilipofika nilimwacha mlangoni.

Barua yako ilipofika nilijua jibu langu litakuwa jepesi. Ningekuandikia kwamba shuka zote mbili amezikwa nazo, kama alivyousia, na ungelia kidogo na kuridhika. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika hiyo barua. Halafu ikafika Jumapili iliyopita, siku yetu ya kilima.

Akina mama walikuwa wameshafika mlangoni wanaimba, wananiita Kengele, leo umechelewa kulia. Nikachukua shuka yangu kwenye rafu, ile moja iliyobaki, nikaikung'uta. Nikapitisha kidole gumba kwenye upindo, si kwa kutafuta kitu, ni mazoea. Kidole kikasoma mshono mmoja uliolala.

Nikageuza upindo wa upande wa pili. Nikaenda nayo dirishani. Ilikuwa alama ya kutoa.

Umenielewa, Wifi. Mdogo wako amelala na shuka yake moja, na moja yangu. Dobi ambaye hakuwahi kuchanganya nguo ya mtu, mkewe alimchanganyia ya mwisho. Ile uliyoitaka haimo katika kifurushi kwa sababu iko naye, na iliyo pamoja nayo ni ile iliyopanda kilima chetu mwaka hadi mwaka, ikasomewa sala zetu, na ndani ya upindo wake ina mishono miwili iliyopishana. Sitaki kukuficha. Mimi nikiitazama nikiwa kanisani naona msalaba. Yeye alisema ni hesabu. Wewe utaiona utakavyoiona, na haki hiyo unayo, maana ni damu yako na ni kitambaa chako.

Nilikaa kitandani nikingoja machozi. Kilichokuja kilikuwa kicheko. Nilicheka, Wifi, peke yangu, shuka magotini, mpaka mmoja wa akina mama akachungulia dirishani akadhani nimerukwa na akili. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afe. Nilikuwa nimelia muda wote huo kwamba nilimwacha mlangoni, kumbe sikumwacha. Kumbe nilimsindikiza mpaka ndani, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeniruhusu kufika, na sikujua.

Shuka yake sikuivaa. Ni ya kwenu na ina safari yake. Nilitoka na gauni la kawaida, nikatembea na wenzangu mpaka getini, wao wakapanda. Mimi nikakaa kwenye benchi. Sijui kwa nini, miguu ilikataa kwenda zaidi, nami sikuilazimisha. Nikaona alichokuwa anakiona yeye: migongo inayopanda ikipungua ukubwa, nyimbo zikigeuka kuwa mvumo tu, kisha kimya, na wewe na chupa yako ya chai na sisimizi wanaopita juu ya benchi. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kumngojea mtu arudi kutoka mahali usipokwenda. Walipoanza kushuka niliwatazama nyuso. Kila mmoja, kabla hajasema neno, alitazama kwanza getini. Nikawamiminia chai, nikawafuta viatu vumbi kwa khanga yangu. Hawakunitania siku ile.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi baiskeli. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani: sanda ikitokea imewahi kuvaliwa na mtu wa dini nyingine, inakuwaje? Hakuacha kuzungusha gurudumu. Akasema kinachotakiwa ni iwe safi na iwe imetolewa kwa halali, na tangu lini nguo iliyotoka kwa dobi yule ikaulizwa usafi? Nikashukuru, nikageuka kuondoka. Ndipo akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akasema, "Shemeji, ule upindo niliuona siku ileile." Akasema aliuona alipokuwa anaifunga, na kwa kuwa alama zetu zote mbili alizijua, kanzu zake zilifuliwa pale, alidhani ndivyo tulivyokubaliana, mume na mke, akaona si kazi yake kuuliza. Ameukalia kimya mpaka leo. Sasa tuko watu watatu tunaojua, na wewe ndiye wa tatu.

Limebaki moja, na hili ndilo lililokuwa gumu zaidi kuliandika. Siku ya msiba uliniambia kwenye simu, "Ungemwachia aende, Wifi." Hukusema kwa ubaya, na mimi sikujibu. Nilimwachia. Kila mwaka nilimwambia aende. Mwaka mmoja nilimkazania kweli, nikamwambia watu wanadhani mimi ndiye kizuizi. Akakunja mashati mawili matatu, kisha akaniambia tatizo ni kwamba kule mimi siruhusiwi kufika hata getini. Nikamwambia nitakaa uwanja wa ndege na chupa ya chai tangu atakapoondoka mpaka atakaporudi. Alicheka. Akasema basi, mwakani.

Kwa hiyo huenda ulisema kweli, ila si kwa namna uliyofikiri. Sikumshika mkono. Ni yeye aliyezoea kwamba safari ni ya watu wawili, mmoja anapanda na mmoja anangoja, na hakujua aende vipi bila wa kungoja. Dua zake hakuacha, funga zake hakuacha, unajua. Ni hilo tu ndilo lililomshika, na lilipomwachia, siku zikawa zimeisha.

Hukumu naiacha mikononi mwako. Kama utaona nimeharibu, niandikie au njoo unigombeze uso kwa uso, wifi asiyegombeza ni mgeni. Kama moyo wako utakataa kabisa, sitakulaumu, ila nakuomba usimpunguzie yeye safari yake kwa kosa la mikono yangu. Mhijie. Shuka hii moja mvalishe mwanao, aitafutie mwenzake popote, nyeupe ni nyeupe. Na tafadhali msiifue huko. Irudisheni na vumbi lake, mpera unaingoja.

Mzee Msumari anakusalimu. Naye mwaka huu anakwenda kwenye mto wao, na amesema atazama mara moja kwa niaba ya dobi, ingawa tunajua sote jinsi dobi alivyochukia kulowa siku ambayo si ya kazi. Fundi baiskeli anakusalimu. Akina mama wa kilimani wanakusalimu, wanauliza lini utakuja kutusindikiza wewe. Msalimie mwanao, mwambie ndevu zake nimeziona kwenye picha, zinahitaji pasi. Mkwe wako mpe mkono wangu, na wajukuu wabusu wote, hata yule anayeng'ata.

Siku ya safari nitakuwepo uwanjani. Nitawasindikiza mpaka pale wanapokagua tiketi, na hapo nitajua pa kuishia. Siku ya kurudi mtanikuta palepale na chupa ya chai.

Na ukishasimama mbele ya Nyumba ile, Wifi, mtaje yeye kwanza, maana safari ni yake. Ukibakiwa na pumzi, nami unikumbuke.

Ni mimi wifi yako,
Kengele